Akiba inayooza: kwa nini Tonga hukatika na dunia

Kisiwani Niuafo'ou barua zilikuwa zinafika kwa kuogelea. Kisiwa hicho kiko kaskazini kabisa mwa Tonga, na kwa kweli ni mdomo wa volkano uliochomoza baharini: hakina bandari, hakina ghuba, na meli haipati pa kutia nanga. Basi tangu mwishoni mwa karne ya 19 meli ikipita husimama mbali kidogo, mabaharia wanatia barua ndani ya bati la biskuti, wanaliziba kwa kulehemu, wanalitupa majini, na mwogeleaji wa kisiwani anakuja kulisukuma hadi ufukweni. Mwaka 1931 papa alimshambulia mwogeleaji mmoja. Kuanzia hapo kazi ikapewa mitumbwi.

Tonga ya leo ina 4G, ina mkongo wa baharini, ina setilaiti. Lakini ukichimba kidogo utalikuta lile bati la biskuti bado linaelea: njia ya kuingilia ni moja, na siku ikiziba hakuna ya pili. Watu wengi wakisoma habari za nchi hizi ndogo za Pasifiki hudhani shida ni kwamba teknolojia haijafika. Imefika zamani. Kigumu ni kulipia kile kinachokaa bure kikisubiri siku mbaya.

Tuanze na ramani. Tonga ina visiwa karibu 170, na vinavyokaliwa ni 36 hivi. Watu wote ni laki moja, kwa sensa ya 2021. Zanzibar peke yake, kwa sensa ya 2022, ina watu karibu mara 19 ya hao. Robo tatu ya Watonga wanaishi kisiwa kikuu, Tongatapu, penye mji mkuu Nuku'alofa. Waliobaki wametawanyika: 'Eua jirani, Ha'apai katikati, Vava'u kaskazini kama kilomita 300, na visiwa vya Niua, kikiwemo Niuafo'ou, mbali zaidi huko juu. Nchi kavu yote haifiki kilomita za mraba 800, lakini bahari yake inazidi kilomita za mraba laki sita. Kwa mtu wa mitandao hiyo ndiyo ramani mbaya kuliko zote, wateja wachache na umbali mkubwa.

Kwa miongo kadhaa jibu lilikuwa setilaiti. Setilaiti za aina ya zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta na huzunguka sambamba na dunia, ndiyo maana dishi likishaelekezwa halihitaji kuguswa tena. Uzuri wake ni kwamba kisiwa kikiwa na dishi na umeme tayari kimeungwa. Ubaya wake ni umbali. Swali lako lipande, lishuke. Jibu nalo lipande, lishuke. Hizo ni safari nne za karibu kilomita 36,000 kila moja, na hata kwa kasi ya mwanga ni karibu nusu sekunde kabla hujapata kitu. Katika mazungumzo ya simu nusu sekunde ni ndefu mno. Unasema, kimya, unadhani mwenzako hajasikia, unarudia, na jibu lake linaingia juu ya sauti yako. Waliokuwa wakipiga simu Ulaya kutoka Dar es Salaam au Mombasa kabla ya 2009, mikongo ya Seacom na TEAMS ilipokuwa haijafika, wanaikumbuka hali hiyo. Na juu ya kuchelewa kuna bei, maana uwezo wa setilaiti ni haba na huuzwa ghali.

Hapa kuna kisa kidogo nisichoweza kukiacha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tonga, nchi isiyo na hata roketi ya fataki, ilijiandikisha katika Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu kuomba nafasi 16 za kuegesha setilaiti juu ya ikweta. Nafasi hizo hutolewa kwa nchi, na kanuni haikusema kwamba lazima nchi iwe na setilaiti. Wakubwa wakapiga kelele, shirika la kimataifa la setilaiti la Intelsat likiwa mbele, na baada ya mabishano Tonga ikabaki na sita, ikaanza kuzikodisha kwa wenye setilaiti kupitia kampuni ya Tongasat. Wengine waliuita ujanja wa dalali. Kwangu mimi ni nchi ndogo iliyosoma kanuni vizuri kuliko walioitunga. Lakini kuwa na kiwanja angani hakumpi mwanafunzi wa Vava'u intaneti ya bei nafuu, na hakikumpa.

Mkongo ulifika Agosti 2013. Una urefu wa kilomita 827, kutoka Nuku'alofa hadi Suva, Fiji, ambako unajiunga na mkongo mkubwa wa Southern Cross unaokwenda Australia, New Zealand na Marekani. Kwenye kina kirefu unene wake ni kama wa mpira wa kumwagilia bustani. Katikati yake mna nyuzi chache za kioo, nyembamba kama unywele. Kinachozizunguka chote ni ulinzi, pamoja na shaba inayopeleka umeme wa volti maelfu hadi kwenye vikuza mwanga vilivyopangwa sakafuni mwa bahari. Mwanga ndani ya kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kutoka Nuku'alofa hadi Suva ni kama sehemu nne tu za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja. Linganisha na ile nusu sekunde.

Gharama ilizidi dola milioni 30, na sehemu kubwa ilikuwa ruzuku ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Asia. Gawanya kwa watu laki moja: zaidi ya dola 300 kwa kila kichwa, mtoto mchanga akiwemo. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Bei ya mkongo hufuata urefu wa bahari. Haijali ng'ambo wanaishi watu wangapi. EASSy, ulioanza kazi pwani yetu mwaka 2010, ni mrefu na wa gharama kubwa zaidi, lakini ulichangiwa na kampuni za simu za nchi nyingi, na nyuma yake kuna wateja mamilioni kwa mamilioni. Tonga haina wa kuchanga naye. Na ukishaulaza, mkongo huo una uwezo unaozidi sana mahitaji ya watu laki moja. Ni sawa na kununua basi la abiria 60 ili kuwapeleka watoto wawili shule, na kesho ukaambiwa ununue na la pili la kukaa nyumbani, hili lisije likaharibika njiani.

Mwaka 2018 mkongo wa ndani ukafuata, kama kilomita 400, kutoka Tongatapu kupitia Ha'apai hadi Vava'u. Niua hazikufikiwa.

Kisha Januari 2019 mkongo wa Fiji ukakatika. Waliochunguza waliielekezea kidole nanga ya meli. Kwa siku zipatazo 12 nchi iliishi kwa setilaiti ya kuazima, na kwa kuwa uwezo ulikuwa mdogo ikabidi kuchagua nani apite: mitandao ya kijamii ikafungwa ili benki, ndege na serikali zipate nafasi. Uamuzi huo kwa mtu wa mbali unaonekana mwepesi. Lakini Watonga wengi wako New Zealand, Australia na Marekani, na fedha wanazotuma nyumbani zinazidi theluthi ya pato la taifa. Facebook kwao ndiyo uwanja wa familia: ndipo dada aliyeko Auckland anapoambiwa mama anaumwa, na ndipo anapoambiwa atume kiasi gani.

Kwa mtazamo wa mhandisi lilikuwa onyo la bei rahisi. Serikali ikalisikia, ikatia saini mkataba wa miaka 15 na kampuni ya setilaiti ya Kacific. Halafu pande mbili zikaanza kuvutana kuhusu malipo, na mkataba ukalala.

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Walikuwa wanasema habari za mahindi na fedha, na hata kwa mahindi ungeweza kubishana nao. Akiba ya mawasiliano inaoza. Setilaiti ya dharura hulipiwa kila mwezi, iwe imetumika au haijatumika. Waziri wa fedha wa nchi ndogo anatazama bili hiyo mwaka wa kwanza, wa pili, mkongo uko salama, hospitali inadai dawa, barabara inadai lami, na bili inaonekana kama anasa. Akiifuta hakuna anayemlaumu, hadi siku ile ifike.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Januari 2022. Saa kumi na moja jioni na dakika chache kwa saa za Tonga, asubuhi ya saa moja na robo huku kwetu, volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ililipuka chini ya bahari, kilomita 65 kaskazini mwa Nuku'alofa. Moshi wake ulipanda hadi kilomita 57. Tsunami ikapiga fukwe, majivu yakafunika paa na matangi ya maji ya mvua. Na dunia, iliyoshuhudia mlipuko kwa picha za setilaiti, haikusikia neno lolote kutoka kwa watu waliokuwa chini yake. New Zealand na Australia zilirusha ndege za kijeshi ili tu kuona visiwa vimebaki vipi.

Mkongo haukukatwa na tsunami, kama wengi walivyodhani. Utafiti uliochapishwa 2023 katika jarida la Science ulieleza kilichotokea. Mabilioni ya tani za majivu na mawe yaliyorushwa juu yaliporomoka moja kwa moja hadi majini, yakashuka ubavu wa mlima wa chini ya bahari kama maporomoko ya udongo, kwa kasi iliyofikia kilomita 122 kwa saa. Mkongo wa ndani ulikuwa kama kilomita 15 kutoka volkano, ukaenda ndani ya dakika chache. Ule wa Fiji ulikuwa kilomita 70, na ndiyo maana ulidumu saa moja na ushee zaidi. Wahandisi walioupima njia walifikiria nanga, miamba, mikondo. Mto wa mawe unaokimbia sakafuni mwa bahari kwa kasi ya basi la mikoani haukuwa kwenye hesabu.

Mawasiliano ya kwanza yalirudi kwa njia duni. Siku chache baadaye kampuni ya Digicel ilirudisha simu za kimataifa kwa kutumia dishi la Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini lililoko Tongatapu, kwa mtindo wa 2G. Sauti, ujumbe mfupi, basi. Simu za setilaiti nazo zilisumbuliwa na majivu yaliyotanda angani. Nchi nzima ilikuwa inapita kwenye kitundu cha sindano.

Kutengeneza mkongo ni kazi ya ajabu, na inafaa kuitazama kwa karibu. Hakuna anayezamia, kwenye kilomita mbili za kina binadamu hafiki. Fundi aliye kwenye kituo cha nchi kavu anatuma mwale wa mwanga ndani ya unyuzi na kupima muda wa mwangwi wake kurudi. Muda huo unampa umbali wa mahali ulipokatika. Meli inakwenda pale, inashusha kulabu ya chuma kwa kamba ndefu na kuiburuta taratibu kukatisha njia ya mkongo, kama mvuvi anayetafuta wavu wake uliozama. Ikinasa, ncha moja inapandishwa juu, inapimwa, inafungiwa boya ili isipotee. Kisha wanaanza kuitafuta ncha ya pili. Zikipatikana zote mbili, kipande kipya kinapachikwa katikati: ndani ya chumba safi melini fundi anaoanisha nyuzi za kioo moja baada ya nyingine, anaziyeyusha kwa cheche ya umeme mpaka ziwe kitu kimoja, halafu kiungo kinafunikwa na kupigwa eksirei. Kiungo kimoja huchukua saa nyingi. Bahari ikichafuka, wanangoja.

Hiyo ni kazi ya kawaida. Ya Tonga haikuwa ya kawaida. Meli ya karibu, Reliance, ilikuwa Port Moresby, Papua New Guinea, zaidi ya kilomita 4,000. Dunia nzima ina meli za namna hiyo makumi machache tu. Ilipofika, mkongo haukuwa pale ramani ilipoonyesha. Ulikuwa umekatwakatwa, vipande vingine vimesukumwa, vingine vimefukiwa na matope ya volkano. Sehemu iliyoharibika ilikuwa kama kilomita 90. Waya wa akiba uliokuwepo haukutosha, ikabidi kuazima kwa kampuni nyingine. Tarehe 22 Februari, siku ya 38, intaneti ikarudi Tongatapu.

Tongatapu tu. Mkongo wa ndani ulikuwa umeharibika kwa zaidi ya kilomita 100, na waya wa kuuziba ulipaswa kutengenezwa upya kiwandani, kisha kungoja meli. Vava'u na Ha'apai walikaa karibu mwaka mmoja na nusu, hadi katikati ya 2023. Habari za dunia zilikuwa zimeshafunga ukurasa.

Sisi huku tulionjeshwa kidogo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, wakati baadhi ya mikongo ya Bahari ya Shamu ilikuwa tayari imejeruhiwa tangu mwanzoni mwa mwaka. Tanzania iliumia sana. Kenya, Uganda na Rwanda ziliguswa. Ujumbe wa WhatsApp ukabaki na tiki moja, watu wakawasha na kuzima simu wakidhani bando limekwisha. Lakini kulikuwa na njia nyingine za kupenyeza japo kidogo, na ndani ya siku chache hali ikaanza kutengemaa. Tulinung'unika, na tulikuwa na haki. Tofauti ni kwamba hasira yetu ilikuwa ya kasi ndogo. Ya Tonga ilikuwa ya ukimya.

Kuhusu minara sitakaa sana, ila ina hesabu yake. Mnara kwenye kisiwa chenye nyumba 50 unagharimu sawa na mnara wa mjini, pengine zaidi, kwa kuwa kila boliti inakuja kwa mashua. Chumvi inakula chuma. Dizeli ya jenereta ni ya kubebwa, ndiyo maana paneli za sola na betri zimekuwa mkombozi. Kimbunga nacho hakichagui. Gita ilipita Februari 2018, Harold Aprili 2020. Mnara kama huo haujilipi hata siku moja. Anayeulipia ni mteja wa Nuku'alofa: sehemu ya bando lake, bila yeye kujua, inawasha taa ya mnara asioujua jina. Kampuni mbili, TCC ya serikali na Digicel, zimeishi kwa mtindo huo.

Ndipo Starlink inapoingia kama kisu kikali. Setilaiti zake huruka kama kilomita 550 tu juu, kwa hiyo kile kuchelewa kwa nusu sekunde hakipo, na dishi lake dogo linabebeka kwenye mtumbwi. Baada ya mlipuko kampuni hiyo ilileta dishi 50 bila malipo, na kule visiwani zilikuwa msaada wa kweli. Mwaka 2024 serikali ikawaambia walioanza kuzitumia bila leseni waache. Mwezi Juni mwaka huo huo tetemeko lilitikisa, mkongo wa Vava'u ukakatika tena, na Julai serikali hiyo hiyo ikatoa ruhusa ya muda. Ni rahisi kuicheka. Lakini jiweke mahali pake. Ukiruhusu bila masharti, wenye fedha wa mjini wanahama, na wale ndio waliokuwa wanalipia minara ya visiwani. Ukikataza, unamnyima nesi wa Vava'u chombo pekee kinachofanya kazi. Na hata ukiruhusu, umehama kutoka kutegemea waya mmoja kwenda kutegemea kampuni moja iliyoko nchi nyingine. Mimi ningeruhusu, kwa leseni yenye ada inayokwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa minara ya mbali, na ningeanza na vituo vya afya.

Fedha za njia ya pili zinapatikana, ila si kwa huruma peke yake. Australia ilipoona makampuni ya China yanasogea Pasifiki, iligharimia mkongo wa Coral Sea kwenda Papua New Guinea na Visiwa vya Solomon, ukakamilika 2019 badala ya ule ambao Huawei ingeulaza. Julai 2022 Telstra, kampuni ya simu ya Australia, ikainunua Digicel ya Pasifiki kwa dola bilioni 1.6 za Marekani, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa serikali ya Canberra. Mashindano ya wakubwa yamekuwa ruzuku ya wadogo. Viongozi wa visiwa wanalijua hilo, na sioni kwa nini wasilitumie.

Mkongo wa Hawaiki, unaotoka Australia na New Zealand kupitia Hawaii hadi bara la Marekani, umepita jirani na Tonga tangu 2018, na uliachiwa tawi tayari kwa kuungwa. Mpango, kwa msaada wa Australia na New Zealand, ni kulivuta tawi hilo hadi Vava'u. Kwenye ramani inapendeza: Nuku'alofa inatazama Fiji, Vava'u inatazama Hawaii, moja ikikatika nyingine inashika. Ila trafiki ya Nuku'alofa, ili ifike Vava'u, itapita kwenye mkongo wa ndani, ule ule uliokatika 2022 ukakatika tena 2024.